Shamba Lililoteremka Mabogini

Masika ya 1978, ndani ya basi la Kirua kwenda Moshi, Leonce alikuwa akimlalamikia mama aliyeketi naye, Theopista.

"Bwana shamba alinichimbia mfereji wa maji ya mvua, akaupanda majani ili udongo usichukuliwe. Nikaona ardhi inakaa bure, nikayang'oa, nikapanda mahindi. Mvua imezoa mahindi na udongo."

"Pole, ndugu. Mimi ni wa Mabogini, kule bondeni chini yenu. Udongo wako ulifika salama, ukalala juu ya mpunga wangu. Ndio ujamaa wenyewe huo."

Leonce alitazama dirishani. "Mvua ni ya Mungu, mama."

"Kweli. Na majani aliyang'oa malaika."

Basi likasimama stendi.

"Karibu Mabogini," Theopista alisema akishuka. "Shamba lako limeshatangulia, umebaki wewe tu."