Mbolea ya Biringanya

Alhamisi jioni mke wangu alimwagilia biringanya zake nyuma ya nyumba, akasema majani yameanza kupauka, Jumamosi ataziwekea mbolea. Ijumaa moyo wake ulisimama. Mfuko wa urea ukabaki nyuma ya mlango wa jiko, haujafunguliwa. Siku hizi nimerudi kwenye benchi la kahawa nje ya kibanda cha Kinyozi, nakaa kati yake na shemeji yangu, kaka wa marehemu. Jana aliyeanzisha ubishi ni jirani tunayemwita Redio, ambaye hajui kunyamaza.

— Urea ni mkojo wa ng'ombe, alisema. Unakaushwa, unasagwa.

— Usitulishe matango pori, alisema Kinyozi. Malori ya kisasa yana tangi la urea, ya kusafisha moshi. Ng'ombe gani huyo anayekojolea lori?

— Basi ni moshi wa lori. Ukiganda, ndiyo mbolea.

— Kumbe ndiyo maana mahindi ya kando ya barabara yamenona, alisema shemeji. Mwulizeni mtu wa kiwanda cha mbolea, huyu hapa amekaa kama mgeni.

Nikawaeleza.

— Ni gesi mbili, amonia na kaboni dioksidi. Tunazibana ndani ya mtungi wenye joto kali mpaka zishikane ziwe chumvi. Chumvi hiyo inatoa maji, inabaki urea. Tunainyunyiza ya moto kutoka juu ya mnara. Inafika chini imeshaganda, punje punje.

— Kaboni dioksidi si ndiyo hii tunayotoa puani? aliuliza Kinyozi.

— Ndiyo hiyo.

— Basi kiwanda kimwajiri Redio. Kwa pumzi anayopoteza hapa, tungelisha nchi nzima.

Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia.

Mama mshonaji aliyehamia nyumba ya jirani alikuwa amesimama akisubiri kikombe chake.

— Samahani baba, zile biringanya za majani ya njano nyuma ya ukuta ni zako?

— Ni za marehemu mke wangu.

— Pole sana. Sasa mbona hujaziwekea hiyo mbolea?

Redio alitazama kikombe. Ningeweza kumchorea mama yule kila bomba la kiwanda, lakini nilimpisha tu kwenye benchi, nikaenda nyumbani.

Leo asubuhi nilifungua mfuko. Nilichimba vifereji shubiri moja kutoka kwenye mashina, nikatia punje kidogo kidogo na kufukia papo hapo, maana urea ikiachwa juu ya udongo hurudi kuwa amonia ikaenda na upepo. Nikamwagilia. Mche mmoja ulikuwa umeshakauka. Niliung'oa, nikaendelea na uliofuata.