Asipewe Hata Tone

Ilianza Jumatano, saa kumi na nusu jioni, kwenye benchi lililo kati ya kinyozi na kibanda cha fundi viatu. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Fundi mwenyewe alikuwa kwake, akihara na kutapika maji matupu. Mtaa mzima ulinong'ona: kipindupindu. Mama Kahawa alisuuza vikombe katika ndoo ile ile ya siku zote. Kikombe cha mwisho alichonywea fundi kilitoka humo.

— Ni upepo, alisema Wembe, kinyozi. Dalili ya mvua ni mawingu.

— Upepo gani wa kuingia tumboni? Kamusi, mjuzi wa kila kitu, alicheka. Kikulacho ki nguoni mwako! Si alinunua suruali ya mtumba juzi? Mwenye nayo wa kwanza alikufa ameivaa.

— Uzushi! Marehemu ulimwona wewe?

— Ningemwonaje, na suruali iko huku?

Mstaafu, mzee kuliko wote pale benchini, aligonga bakora.

— Mimi nimeshamwagiza mkewe: asipewe hata tone. Maji yakimwagika hayazoleki. Ukimnywesha, unampa cha kuhara.

— Hapo umenena, mzee, alidakia Kamusi. Bomba likivuja, funga koki.

Mara akatokea mke wa fundi, miguu mitupu, kanga imelowa.

— Shikamooni.

— Marahaba, shemeji. Mgonjwa?

— Macho yamezama. Vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa. Sauti imekauka, lakini neno ni moja tu: maji. Nimemnyima tangu asubuhi, kama mlivyosema. Nimnyime mpaka lini?

Kamusi alitazama ndani ya kikombe chake. Mstaafu alikohoa.

Mama Kahawa alinyakua birika la maji yaliyochemka.

— Mpe haya, mdogo wangu, kidogo kidogo, usikome. Na nyinyi inukeni! Benchi hilo ndilo machela.

Wakambeba fundi juu yake hadi hospitali. Hospitalini, nesi alitafuta mshipa mkono huu, akatafuta ule.

— Maji anayopoteza ndiyo yanayoua, alisema bila kuinua uso. Angekunywa tangu asubuhi, maji yenye dawa ya chumvi na sukari, mishipa isingejificha hivi.

Mstaafu alitoka nje.

Asubuhi yake, benchi halikuwepo; lilibaki hospitali, limemwagiwa dawa ya kuua vijidudu. Fundi alikuwa bado kwenye dripu, hajafumbua macho. Mama Kahawa alimwaga ndoo chooni, akawasha jiko, akatumbukiza vikombe vyote sufuriani, na cha fundi kimo.

— Kahawa, mama? aliuliza Wembe, amesimama.

— Bado.

Akachochea moto, akangoja maji yatokote.