Waziri na Jina la Mwisho Daftarini

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na saba na miezi minane ya utumishi, Mzee Waziri anaikabidhi Idara ya Jiolojia basi, kamba mbili, nyundo kumi na tisa na daftari la majina. Nyundo zilikuwa ishirini. Ya ishirini, anasema, iko Muyinga na yenyewe inajua ilipo. Ameomba wasifu huu uandikwe kwa Kiswahili badala ya Kifaransa cha barua zetu zote, ili mkewe, Bi Zuena, ausome mwenyewe na kusahihisha uongo. Mimi Christina, mwalimu katika idara hii, nimeipokea kazi hiyo kwa furaha, na kwa woga kidogo.

Waziri aliajiriwa Oktoba 1997 kama dereva. Wiki ya pili alikuta mawe ya sampuli yamejaa vumbi, akayaosha yote kwa sabuni na kuyaanika juani. Profesa Josephat, mkuu wa idara wakati huo, alikuwa ameyakusanya kwa miezi mitatu kwa ajili ya vumbi hilo hilo. Hakumfukuza, aliamua kumfundisha. Miaka michache baadaye Waziri alikuwa akitambua mwamba kwa kuulamba, na wanafunzi waliokwama kwenye mtihani wa vitendo walitazama uso wake kabla ya kulitazama jiwe.

Nyumbani kwake hapa Gitega, kazi hii iliingia mpaka jikoni. Nyama iliyokataa kuiva huitwa itale, kama lile jiwe gumu. Mtoto anayechelewa kuamka huambiwa anangoja kugeuka makaa ya mawe. Halafu kuna Sudi. Binti mkubwa, Shakila, akiwa na miaka minne, alikataa kula mpaka Sudi naye awekewe sahani. Alipoulizwa Sudi ni nani, alisema ni yule aliyesimama nyuma ya mlango. Zuena alifungua mlango, hakuona mtu. Waziri aliweka sahani ili mtoto ale, na tangu siku hiyo, kila alipowaita wanawe mezani, alimalizia na jina la Sudi, nao wote watatu wakajibu kwa pamoja kwamba yuko nyuma. Wageni walicheka sana. Zuena anasema ilimchukua miezi kuzoea kuupa mlango ule mgongo.

Masihara hayo Waziri aliyaleta kazini. Utaratibu wake tunaujua sote: hakuna kundi linaloingia kwenye shimo wala kutoka bila kuitwa majina, na kila jina lazima liitikiwe kwa sauti. Daftari lake, ambalo yeye huliita kaye, halifungwi mpaka wote waitike. Mwishoni anauliza, na Sudi? Wanafunzi wanapaza sauti, yuko nyuma. Hapo ndipo hufunga.

Juni 2014 tuliwapeleka wanafunzi kumi na wanane kwenye kilima kimoja cha Muyinga, chenye mgodi wa dhahabu ulioachwa. Waliingia hatua kumi tu, kuona mshipa wa jiwe jeupe ambalo wachimbaji hulifuata. Saa tisa alasiri wote walikuwa nje, kwenye jua kali. Waziri akaita. Kumi na wanane wakaitika. Akauliza, na Sudi? Wakacheka, wakapaza sauti kwamba yuko nyuma.

Ndani ya mgodi sauti ikasema, "Niko."

Ilikuwa sauti kavu, ya mtu asiye na haraka. Nakumbuka msichana mmoja, Raissa, alianza kuhesabu wenzake kwa kuwagusa mabega. Profesa Josephat alisema ni mwangwi. Hakuna aliyemuuliza ni mwangwi gani unaobadilisha maneno. Waziri aliita tena, na tena. Kimya.

Mimi nilitaka tuondoke. Nilikuwa na watoto wa watu kumi na wanane mbele ya mlima unaomomonyoka, na safari ndefu ya kurudi Gitega. Hizo zilikuwa sababu nzuri, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Nilimwamuru Waziri awashe gari. Alinikabidhi ufunguo kwa heshima zote, akijua kwamba gia ya tatu ya basi lile humsikiliza yeye peke yake, kisha akakaa chini mlangoni mwa mgodi.

"Madamu," alisema, "jina imeitikiwa. Kaye iko wazi bado."

Nilibishana naye dakika arobaini. Nilimtisha kwa barua ya onyo, na naona aibu kuyaandika haya katika programu ya sherehe ya kumuaga. Mwishowe Profesa alinyoosha mkono akachukua ufunguo kwangu, akamrudishia Waziri, na Waziri akateremka na basi kuwatafuta wachimbaji wa bondeni. Hao walisema tundu lile halijaingiwa tangu Pasaka na hawalipendi. Aliwapandisha hata hivyo, sijui kwa maneno gani. Alikuwa mwembamba kuliko wote, kwa hiyo alitangulia kutambaa, kamba kiunoni na nyundo mkononi, ile ambayo haikurudi.

Saa kumi na moja walimtoa mtu hai, Eliud, mkulima wa Mutaho, aliyefukiwa mpaka kifuani. Yeye na mwenzake walikuwa wameingia kwa siri juzi yake, kutoka upande wa pili. Kisha wakamtoa mwenzake, fundi baiskeli wa huko huko Mutaho. Huyo alikuwa amekufa. Hospitalini Eliud alitutajia jina la marehemu. Mwenzake alikuwa akiitwa Sudi.

Mtu akisikia jina lake ataitika, hilo halina ajabu. Ila ikiwa aliitika saa tisa, basi saa tisa alikuwa hai, na dakika arobaini ni zangu. Eliud hakusikia kitu. Alikuwa amezimia tangu jioni ya kuamkia siku hiyo. Nilimsikia mchimbaji mmoja akinawa mikono na kumwambia mwenzake kwamba marehemu alikuwa bado laini, hajakakamaa.

Njiani kurudi nilikaa mbele, karibu na dereva. Karibu na Gitega Waziri, bila kuniangalia, alisema, "Mi wa kwanza nilimushika mkono. Ilikuwa baridi tangu zamani, baridi ya jiwe. We hukuchelewa kitu, Madamu."

Miaka kumi na moja iliyofuata alifanya mengi ya kusifiwa. Alipanga chumba cha sampuli upya, akawafundisha madereva wawili, na hajapoteza mwanafunzi hata mmoja. Jina lile hakulifuta. Nyumbani watoto walitaka lisiitwe tena; Zuena alikataa, akasema jina lililozoea kuitwa halinyamazishwi. Kazini aliendelea kuliita, wanafunzi wakajibu kwa sauti ya chini, naye akasubiri kidogo akiuangalia mlango wa shimo kabla ya kufunga. Hatujasikia kitu tena.

Mzee Waziri, mkono ule uliushika wewe peke yako kabla ya wengine. Ikiwa ulikuwa baridi kama ulivyosema, basi tuliitikiwa na maiti, na mimi sina hatia. Ikiwa ulikuwa na joto, basi umenibebea uongo miaka kumi na moja bila kunidai shukrani. Mara nyingi nimefika mlangoni kwako nikitaka kuuliza, nikaishia kunywa chai ya Bi Zuena na kurudi. Leo unaondoka, na nimeamua. Sitauliza.

Kwa niaba ya idara, na kwa niaba yangu zaidi, asante. Mungu akujalie afya na miaka mingi ya kukaa na wajukuu, bila mtu wa kukuhoji.