Nyayo za Misumari Mitano

Wachungaji, masheikh, majirani wa Kyebando, wafanyabiashara wenzake wa Owino na Kikuubo, na nyote mliokaa juani tangu asubuhi, familia imemtuma Wamalwa, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya kaka yake kabla mwili haujaondoka kesho kwenda Bungoma, na inawaomba mvumilie hadi tamati, kwa sababu sehemu ya mwisho iliandikwa jana tu, na si wote katika familia waliopenda isomwe.

Ezekiel Makokha alizaliwa tarehe 9 Juni 1951 karibu na Sirisia, mtoto wa nne kati ya saba, akasoma shule ya msingi ya hapo nyumbani kuanzia 1959 hadi 1965, akaingia sekondari ya misheni na kuishia kidato cha pili mwaka 1967, lakini shule yake hasa ilikuwa Mlima Elgon, ambako babu yetu mwindaji alimfundisha kuwasha moto kwa kuni mbichi, kutafuta maji na kusoma nyayo, za mnyama na za mtu, akimwonya kwamba msituni kila kitu kishuku kwanza, kiamini baadaye. Onyo hilo alilishika, jamani, alilishika mpaka likapitiliza.

Kuanzia 1971 aliwaongoza wapanda mlima upande wa Kenya, tarehe 12 Desemba 1981 akafunga ndoa na Rosebella Aluoch katika kanisa moja la Kimilili, Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza akiwa Nakhisa, na Februari 1987, vita vikiwa vimekwisha mwaka mmoja tu, akahamia Kampala, akabeba mizigo Kikuubo, kisha akapata kibanda Owino cha mahema, kamba na maturubai ya mitumba. Kibanda cha pili yake kilikuwa cha Fadhul, Mnubi mtengeneza ndara za tairi, ambaye pia alikuwa jirani yake hapa Kyebando, na wawili hao walikuwa chanda na pete, birika lao la chai ya tangawizi likiwa moja. Ndara za Fadhul zilijulikana soko zima, kwa sababu kila kisigino alikipigilia misumari mitano, hakuzidisha wala hakupunguza.

Agosti 1988 kanisa lilimwomba marehemu aanzishe kambi ya likizo kwa vijana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano, katika msitu ulio kando ya barabara ya Jinja, awafundishe namna ya kukaa hai mtu akipotea, kujenga kibanda cha majani, kufunga fundo lisilofyatuka, kuchemsha maji hata yakiwa maangavu, na kumfuata mtu kwa alama za miguu yake. Somo la nyayo alilipenda kuliko yote, na kila kundi alilikaririsha kwamba unyayo unakuonyesha kiatu, haukuonyeshi aliyekivaa. Kiganda hakukijua, kwa hiyo alifundisha kwa Kiswahili, na watoto waliporudi nyumbani wakitambaa chini ya vitanda na kuamrishana lala chini, kimya, fuata mwenzako, wazazi waliingiwa na baridi, kwa kuwa miaka ile wengi wa hapa Kiswahili walikisikia kwenye kizuizi cha barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Minong'ono ikaanza bombani, banange, jamani, huyu Mkenya anawapika watoto wetu wawe nini?

Tarehe 22 Agosti 1989, katika kambi ya pili, marehemu aliteka maji kijitoni akaona kwenye tope unyayo mpya, mkubwa, wa ndara ya tairi, misumari mitano kisigino, akashangaa Fadhul amefuata nini huku bila kupiga hodi. Kesho yake askari wakaja moja kwa moja kwa njia ileile, wakamfunga kwa kamba zake mwenyewe, wakaandika kwamba anafundisha waasi watoto, na akakaa kizuizini siku kumi na tisa, akatoka tarehe 11 Septemba akiwa amepoteza meno mawili na rafiki mmoja.

Fadhul alipokuja kumpa pole hakufunguliwa mlango. Marehemu alihamisha kibanda, akainua uzio wa mabati kati ya nyumba zao, na kwa miaka thelathini na minne akiutazama uzio ule alisema neno moja, kikulacho ki nguoni mwako. Zubaida, mke wa Fadhul, alileta sahani ya pilau kila Idd, ikarudishwa imefunikwa vilevile, ingawa Nakhisa anakiri leo kwamba nyama zilikuwa zimepungua. Kambi zilifunguliwa tena mwaka 1992 zikaendelea hadi 2016, na Husnah, binti wa Fadhul, alipojiandikisha mwaka 1997, marehemu aliamini ametumwa kupeleleza, akamfundisha hata hivyo, akampa fundo gumu kuliko wenzake, na binti akalifunga.

Mwaka 2019 alianza kuugua figo, akalazwa mara nne, na muuguzi wa zamu alikuwa Husnah huyohuyo, ambaye vidonge vyake marehemu alivigeuzageuza kwanza kama uyoga wa porini, kisha akavimeza. Alifariki Jumamosi tarehe 2 Machi 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sabini na miwili.

Sasa ile sehemu ya jana. Mjane ameagiza isomwe kwamba aliyekwenda kijitoni ni yeye. Alisikia kambini kuna mpishi mwanamke kijana anaitwa Amito, wivu ukampanda, akavaa ndara alizopewa zawadi na Zubaida, na miguu yake, amesema tuseme wazi, ni mikubwa kama ya mwanaume, akamfuata mumewe hadi msituni akajificha. Mwanamke aliyemfikiria hakumwona, aliona watoto wakitambaa na fimbo mikononi, akarudi akilia kwa mwenyekiti wa mtaa amrudishie mume nyumbani, na mwenyekiti akaliacha la mume akalichukua la fimbo, akalipeleka kwa askari. Mara tatu alitaka kumwambia marehemu, mara tatu aliogopa kuachwa. Sisi tulimsihi anyamaze, maji yakimwagika hayazoleki, akajibu kwamba jeneza halitavuka mpaka wa Malaba na jina la Fadhul ndani yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na Husnah kwa namna ya pekee, wachuuzi wa mahema na kamba, kanisa, wanafunzi wake wote wa kambi, na majirani mliotuletea kuni, maji na matoke. Mzee Fadhul, tunakuona umekaa nyuma kabisa, pale uliposimama uzio wa mabati. Mabati hayo tuliyang'oa asubuhi ili watu wapite, na hatutayarudisha. Tunakuomba msamaha mbele ya watu hawa, uje ushike jeneza upande wa mbele, kwa sababu Rosebella amekataa liinuliwe na mtu mwingine kabla yako.

Pumzika kwa amani, kaka. Nyayo zile hazikuwa za Fadhul.