Mapasa wa Karatasi

HIPPOLYTE: Haloo? Haloo? Ni nani? Hapa biro ya teritwari, ofisi ya Serikali, Kabambare. Karani Hippolyte anasema.

VÉRONIQUE: [anapumua]

HIPPOLYTE: Haloo! Ni nani huyu anapumua tu?

VÉRONIQUE: Ni miye.

HIPPOLYTE: Miye nani?

VÉRONIQUE: Kwani uko na wanawake wangapi, Baba Ernestine?

HIPPOLYTE: Véronique! Mungu wangu. Nani amekufa?

VÉRONIQUE: Hakuna mutu amekufa. Salimia kwanza.

HIPPOLYTE: Jambo, jambo. Lakini mama, hii ni simu ya Serikali, hawapigi hivi hivi tu juu ya —

VÉRONIQUE: Niko posta ya Kasongo. Sumaili, karani ya hapa, amenifungulia waya, juu ya undugu. Anasema dakika sita, anaangalia saa yake. Usipige kelele, nasikia vizuri.

HIPPOLYTE: Sipigi kelele. Weye ndiye unapiga kelele.

VÉRONIQUE: Kabambare iko mbali, lazima nipige. Watoto tumeonana. Matokeo wamesoma jana, mbele ya watu wote, na Baba Padri katikati.

HIPPOLYTE: Eee, sema!

VÉRONIQUE: Ernestine amekuwa wa kwanza.

HIPPOLYTE: Wa kwanza! Nilijua! Nilimwambia kila mutu hapa! Hiyo ni damu ya —

VÉRONIQUE: Ya mama yake. Pole pole.

HIPPOLYTE: Na Louise?

VÉRONIQUE: Louise wa pili.

HIPPOLYTE: Wa pili! Wote wawili! Ah, mama, leo nita—

VÉRONIQUE: Kutoka mwisho.

[waya unakwaruza]

HIPPOLYTE: Sikusikia vizuri.

VÉRONIQUE: Ulisikia. Wa pili kutoka mwisho. Nyuma yake ni ile mutoto ya Nyangwe aliyelala na homa wiki mbili za mutihani.

HIPPOLYTE: Lakini namna gani? Wanalala kitanda kimoja, wanasoma buku moja —

VÉRONIQUE: Akili haipiti kwa mufarishi. Sikiliza sasa. Ernestine wamemuandika kwa shule ya mamonitrise, walimu wanawake. Wasichana wane tu, kwa Kasongo yote. Kamio, ile lori ya misheni, inaondoka saa sita hii hii, wavuke mutoni, washike treni Samba. Sanduku yake ilikuwa juu ya kamio toka asubuhi.

HIPPOLYTE: Mutoto wangu, monitrise! Na kanzu nyeupe, na viatu... Ngoja. Juu ya nini unasema «ilikuwa»?

VÉRONIQUE: Wameishusha.

HIPPOLYTE: Nani ameishusha?

VÉRONIQUE: Weye.

HIPPOLYTE: Miye niko Kabambare!

VÉRONIQUE: Weye na kalamu yako. Masere Marguerite, mutawa wa shule, amesema mapasa, watoto wa kuzaliwa siku moja, hawatenganishwi. Mumoja ameshinda, mumoja ameanguka, basi wote wawili watarudia darasa. Pamoja. Uko?

HIPPOLYTE: [kwa sauti ndogo] Niko.

VÉRONIQUE: Sasa ndiyo unanong'ona.

HIPPOLYTE: Bwana Mukubwa iko nyuma ya hii ukuta. Ukuta ya mbao, mama. Anasikia hata nzi.

VÉRONIQUE: Basi nzi anyamaze, miye niseme. Unakumbuka ile mwaka? Masere walisema nafasi za shule yao ni chache: nyumba moja, musichana mumoja. Isipokuwa mapasa.

HIPPOLYTE: Nakumbuka.

VÉRONIQUE: Ernestine alikuwa na miaka tisa, Louise sita. Jioni ukarudi nyumbani na karatasi, unacheka peke yako. Unasema, «Mama, toka leo umezaa mapasa.»

HIPPOLYTE: Weye pia ulicheka.

VÉRONIQUE: Nilicheka. Nikauliza, sasa wako na miaka ngapi? Ukasema —

HIPPOLYTE: Saba na nusu. Nilikata katikati, kusudi hakuna mutoto ataonewa.

VÉRONIQUE: Karani ya haki!

HIPPOLYTE: Ningefanya nini? Nimuache nani nyumbani? Uniambie leo, nani ungemuacha!

VÉRONIQUE: Sikusema ulifanya mubaya. Nasema ilikwisha. Njia ya mwongo ni fupi.

HIPPOLYTE: Hii yetu imefika miaka mitano.

VÉRONIQUE: Na imefikia hapa, kwa kamio, mbele ya posta. Ernestine iko nje pale, amekaa juu ya sanduku. Halii. Ningependa alie.

HIPPOLYTE: Arudie basi, mwaka mumoja si —

VÉRONIQUE: Baba Ernestine! Mama yako amekwisha pokea mbuzi za mahari za wale watu ya Wamaza. Mbuzi ine, umeziona kwa macho yako, zinakula mihogo yangu. Ernestine akikanyaga uwanja wetu hii likizo, darasa atarudia kwa jiko ya mama mukwe. Miaka kumi na ine!

HIPPOLYTE: Nilisema mbuzi zirudi.

VÉRONIQUE: Ulisema. Ulimwambia nani? Mbuzi?

HIPPOLYTE: ...Lakini Masere naye! Hawa watu kila siku wanatuambia tuache mambo ya wazee. Usivae hirizi, usiende kwa mufumu, usiamini ndoto. Leo wametoa wapi mambo ya mapasa?

VÉRONIQUE: Kwangu.

HIPPOLYTE: Kwako namna gani?

VÉRONIQUE: Mutu akidanganya, adanganye vizuri. Mwaka wa kwanza Masere aliniuliza, «Mama, kwenu mapasa wanachungwa namna gani?» Ningesema sijui, mama ya mapasa? Nikamwambia: wanalala kitanda kimoja. Nguo yao ni moja. Ukimupa mumoja embe, na mwenzake umupe.

HIPPOLYTE: Hiyo si mubaya.

VÉRONIQUE: Aliandika yote ndani ya kabuku. Kila nikija ananiuliza ingine, nami naongeza. Tena ile siku ya kwenda Nyangwe, Ernestine alibaki na jino linauma, Louise aliogopa kupanda mutumbwi peke yake, analia. Nikasema... ah.

HIPPOLYTE: Ulisema nini?

VÉRONIQUE: Nikasema pasa mumoja hawezi kuvuka maji bila mwenzake. Ni mwiko.

HIPPOLYTE: Na kwenda Samba —

VÉRONIQUE: Unavuka Lualaba. Miye pia najua muto inapita wapi.

HIPPOLYTE: Yaani katika desturi zetu zote, wameshika hii moja.

VÉRONIQUE: Na hii moja niliitunga miye, nimesimama kwa mulango ya jiko yao.

[waya unakwaruza]

HIPPOLYTE: ...ziliungua.

VÉRONIQUE: Nini?

HIPPOLYTE: Nasema nguzo za simu ziliungua, moto ya pori. Ndiyo maana waya inalia. Sikiliza, mama. Nimepata. Nitatengeneza karatasi ingine.

VÉRONIQUE: Karatasi ingine.

HIPPOLYTE: Ya kusahihisha. Naandika: kalamu iliteleza.

VÉRONIQUE: Iliteleza miaka mitatu?

HIPPOLYTE: Kalamu ya Serikali inateleza mingi. Napiga muhuri, kuriye wa barua anaileta Jumatatu —

VÉRONIQUE: Kamio ni saa sita! Dereva ameanza kumimina maji kwa mashine yake. Sitaki karatasi. Karatasi ndiyo ilituuma. Nataka kinywa.

HIPPOLYTE: Basi mwambie weye, si uko pale?

VÉRONIQUE: Nilikwisha kumwambia! Asubuhi, nimepiga magoti kwa sementi. Unajua alinijibu nini? «Mama, najua unateseka, unataka kuponyesha mumoja. Lakini karatasi ya Serikali inasema mapasa. Neno ya mama haiwezi kushinda muhuri. Aliyepiga muhuri aseme.»

HIPPOLYTE: Miye?

VÉRONIQUE: Kuna Hippolyte mwingine?

HIPPOLYTE: Mama Ernestine, unajua leo ni Alhamisi?

VÉRONIQUE: Najua.

HIPPOLYTE: Jumamosi watu ya Serikali wanakuja kuangalia nyumba. Juu ya ile karte, ile kadi. Karte ya watu waliostaarabika! Miaka miwili nangoja. Wataangalia kabati, choo, wataangalia kama tunakula mezani. Nimeazima uma nane kwa Antoine. Nimenunua hata picha ya mufalme, iko juu ya kitanda.

VÉRONIQUE: Niliiona. Ananiangalia nikivaa.

HIPPOLYTE: Nikisema leo kwamba niliandika uongo ndani ya buku ya vizazi, karte hakuna. Na kazi labda hakuna. Watanipeleka kuhesabu pamba porini.

VÉRONIQUE: Nafahamu.

HIPPOLYTE: Hufahamu.

VÉRONIQUE: Nafahamu, Hippolyte. Nami naogopa. Lakini nikiangalia ile mutoto juu ya sanduku, karte inakuwa karatasi tu. Naye anakungoja. Anasema, «Baba atasema.» Sijui nani alimufundisha hivyo.

HIPPOLYTE: Masere iko karibu?

VÉRONIQUE: Ameingia kitambo kidogo. Hii simu iko na kipande cha pili cha kusikilizia. Amekiweka kwa sikio.

HIPPOLYTE: Anasikia sasa? Toka lini?

VÉRONIQUE: Toka pamba ya porini.

HIPPOLYTE: Oh! Mama yangu... Jambo, Masere. Heshima sana, Masere. [kwa sauti ndogo sana] Ni hivi. Ile habari ya watoto... Wale watoto... si kabisa... yaani, mapasa, kwa upande fulani...

VÉRONIQUE: Anasema hasikii. Anasikia tu «mapa, mapa».

HIPPOLYTE: [kwa sauti ndogo] Nasema, hawako... vile iliandikwa...

VÉRONIQUE: Anatikisa kichwa. Ongeza.

HIPPOLYTE: Siwezi kuongeza! Ukuta ni ya mbao!

VÉRONIQUE: Kamio imewaka. Unaisikia? Sumaili anainua kidole, dakika moja. Hippolyte, Ernestine amesimama mulangoni. Anakuangalia. Anaiangalia simu, ni kukuangalia weye.

HIPPOLYTE: Si mapasa.

VÉRONIQUE: Ongeza!

HIPPOLYTE: Si mapasa!

VÉRONIQUE: Waya inakwaruza, Masere anasema tena!

HIPPOLYTE: WALE WATOTO SI MAPASA! Ernestine alizaliwa mbele, Louise alizaliwa nyuma, miaka mitatu katikati! Ni miye, Hippolyte, karani ya hii teritwari, niliandika uongo kwa mukono wangu, nikapiga muhuri ya Serikali juu yake! Muke wangu hakuandika kitu! Wakate mushahara wangu, wanifunge, lakini mutoto apande kamio! Umesikia, Masere?

VÉRONIQUE: Amesikia.

HIPPOLYTE: Vizuri.

VÉRONIQUE: Na Sumaili amesikia. Na watu wanaonunua stempu.

HIPPOLYTE: Na huku mashine za kuandika zimenyamaza. Zote. Masere anasema nini?

VÉRONIQUE: Anacheka.

HIPPOLYTE: Anacheka!

VÉRONIQUE: Anasema alijua toka siku ya kwanza. Louise alikuwa anang'oka meno ya kitoto, na mwenzake ana meno yote kinywani. Anasema hakupata kuona mapasa ya namna ile.

HIPPOLYTE: Alijua miaka mitano! Sasa juu ya nini —

VÉRONIQUE: Nimemuuliza. Anasema meno aliyaona, lakini karatasi ilikuwa na muhuri.

HIPPOLYTE: ...Hiyo ni kweli. Ilikuwa muhuri muzuri.

VÉRONIQUE: Anafuta ile mwiko ndani ya kabuku. Amefuta! Ernestine, kimbia! Kimbia, mutoto, wamechukua sanduku, wanaipandisha! Baba Ernestine, anakimbia na viatu mukononi! Dereva amemushika mukono... Amepanda. Amepanda!

HIPPOLYTE: Amepanda?

VÉRONIQUE: Sasa ndiyo analia. Aksanti, Mungu. Aksanti, Baba Ernestine. Aksanti sana.

HIPPOLYTE: Usinishukuru, nitalia nami, na miye niko biro... Mama, mulango imefunguka.

VÉRONIQUE: Bwana Mukubwa?

HIPPOLYTE: Amesimama. Na kiko chake.

VÉRONIQUE: Anasema nini?

HIPPOLYTE: Anauliza buku ya vizazi iko wapi.

[waya unakwaruza]

VÉRONIQUE: Mupe. Usitetemeke, mupe tu. Tena zile uma, uzirudishe leo kwa Antoine, zisiote kutu kwetu bure. Nikifika Jumamosi nitapika samaki, tutakula na mikono.

HIPPOLYTE: Na Louise? Anasemaje, mutoto?

VÉRONIQUE: Louise amefurahi, shetani huyu! Anasema kama yeye ni mudogo, basi toka leo abebewe mizigo. Tena anakuuliza — ngoja, Louise, usivute waya — anauliza: kama tarehe ya karatasi ni ya uongo, yeye alizaliwa siku gani? Sema upesi, Baba Ernestine, Sumaili anakata.

HIPPOLYTE: Sijui tarehe. Tazama aibu: vizazi ya Kabambare yote naandika miye, tarehe ya mutoto wangu sijui. Lakini mwambie... mwambie ilikuwa mvua. Daraja ya Luama ilikuwa imekwenda na maji. Nilivuka na mutumbwi, nimebeba mukunga kwa mugongo juu aliogopa matope, na kofia yangu ya kikarani ikaanguka mutoni. Nilipofika alikuwa amekwisha toka, anakohoa. Mudogo sana. Nilimuweka ndani ya koti yangu. Mwambie hivyo.

VÉRONIQUE: Hujapata kuniambia habari ya kofia.

HIPPOLYTE: Nilisema iliibiwa. Ilikuwa kofia ya Serikali.

VÉRONIQUE: Hippolyte! Hata kofia ulidanga—

HIPPOLYTE: Véro? Haloo? Haloo?

[waya umekufa]

HIPPOLYTE: ...Ndiyo, Bwana. Hii ndiyo buku. Ukurasa wa kumi na saba, mistari miwili ya chini. Hapana, Bwana, usihangaike kutafuta. Miye mwenyewe nitakuonyesha.