Sanamu ya Ragnhild

Benchi letu liko mbele ya duka la mikate la Tångvik, linatazamana na kiwanda cha zamani cha samaki wa makopo. Saa nne asubuhi hutukosi: Nahodha, aliyestaafu siku moja na kivuko chake, Berit, tunayemwita Redio, aliyepanga samaki makoponi miaka thelathini, Folke wa gari la posta, tunayemwita Profesa, na mimi, niliyekuwa nikiuza viatu. Jumanne ile habari ilikuwa moja tu. Manispaa inamsimamishia sanamu Ragnhild Öhman, binti wa hapa hapa, bingwa wa tenisi wa Ulaya mara mbili, aliyestaafu akiwa bado anatisha.

— Ubingwa ule ni kazi yangu, akaanza Nahodha. Nani alimvusha kwenda mazoezini? Kivuko kinayumba, yeye kasimama wima, hashiki chuma. Miguu ile aliipata kwangu.

— Miguu kitu gani! akadakia Redio. Samaki wetu ndio waliomlea. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Methali hiyo si ya kula, Berit, akasema Nahodha.

— Ya nini basi, ya kuning'iniza ukutani?

Profesa akakohoa.

— Barua ya timu ya taifa niliileta mimi.

— Ukaichelewesha siku tatu! akasema Redio.

— Makusudi! Hasira zile ndizo alizozipiga kwenye mpira miaka kumi na tano. Haraka haraka haina baraka.

Nami nikachomekea kwamba viatu vyake vya kwanza vilitoka dukani kwangu. Nilimzidishia namba moja, akakimbia akivikimbiza.

Tukiwa tunacheka, akaja mwanamke mgeni, koti limejaa vumbi la plasta, daftari mkononi.

— Hamjambo wazee wangu. Mimi Malin, ndimi nitakayeichonga sanamu. Nauliza tu, raketi alishika mkono upi?

— Kulia, akasema Nahodha.

— Kushoto! akasema Profesa. Televisheni nzima ilimwona!

— Mimi nilimwona akipiga mpira kwenye ukuta wa kiwanda, mtoto mdogo. Kulia!

Tukamgeukia Redio. Akaweka kikombe mapajani.

— Wote mko sawa, akasema. Akiwa na miaka kumi na tatu alianguka kwenye barafu, kiwiko cha kulia kikavunjika. Daktari akasema hakitanyooka tena. Mnakumbuka tulisemaje?

— Tulisema kwisha habari yake, nikajibu.

— Basi majira yale yote ya baridi, sisi kiwandani tulisikia mpira ukutani. Du. Kimya. Anautafuta kwenye theluji. Du. Tukawa tunagonga ukuta kwa ndani, tunamfokea atuachie masikio. Kufika Aprili, kile kimya hakikuwepo. Du, du, du, du.

Malin akaacha kuandika.

— Huo mkono wa kushoto alifundishwa na nani?

Nahodha akatazama bahari. Profesa akavua kofia, akaivaa tena. Mimi nilikuwa na viatu vya kuangalia.

Malin akavuka barabara, akaupapasa ukuta wa kiwanda, akarudi.

— Nitamsimamisha pale, anautazama ukuta.

— Sasa sisi hapa benchini tutauona mgongo? akauliza Profesa.

— Mgongo, ndiyo.

Nahodha akanyoosha kikombe aongezewe kahawa.

— Mgongo unatosha, bwana. Hata Wajerumani aliowashinda fainali waliuona huo huo, akienda kuchukua kombe.