Tari la Leocádia

Asubuhi ile tramu ya makaburi ya Caju ilijaa maua, maana Rio nzima ilikuwa inakwenda kumzika Leocádia, mwimbaji wa samba. Mbele yangu mzee mwenye suti nyeusi alikuwa anapiga soga na mama aliyekaa naye, wala hawakuwa wakijuana.

"Santuri zake zote ninazo," alisema mzee. "Ule mtindo wake wa kukwaruza sahani kwa kisu badala ya kupiga tari, nani mwingine aliuweza?"

"Haukuwa mtindo, mzee wangu. Mimi ni mdogo wake, nilikuwepo. Enzi zile polisi walikuwa wanaiwinda samba, ukikutwa na tari unalala ndani. Askari mmoja alimnyang'anya lake kwenye sikukuu ya kanisa la Penha. Dada akaja jikoni kwangu akachukua sahani, akaapa hatashika tari lingine mpaka lile lirudi."

Mzee akavua kofia. Nilidhani ni heshima ya msiba. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa tari lenye utepe mwekundu.

"Nimekuja azikwe nalo," alisema. "Nilikuwa askari, mama. Nilimpenda mno, nikataka ukumbusho wake. Miaka thelathini nalifuta vumbi kila Jumapili."

Kondakta alisahau nauli zetu, nasi tukasahau kumkumbusha.

"Utepe huo niliufunga mimi," mama alisema taratibu. "Na maonyesho yake ulikuwa unakwenda?"

"Yote. Nilikuwa nakaa mbele kabisa."

Mzee akamnyooshea lile tari. Tramu ikasimama langoni mwa makaburi, na mkono wa mzee ulikuwa bado hewani.